Supu ya majambazi iliyonila laki nane

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo sampuli ya tafsiri uliyobandika, "Polisi walimpa shahada ya tatu usiku kucha, asubuhi wenzake wakampa lifti", umeshamtumia mtu? Kama bado, ifute. Huyo jamaa hakusomea uzamivu kituoni. "Third degree" ni kipigo na mateso ya kumtoa mtu maungamo, na Wamarekani wenyewe waliundia tume, Tume ya Wickersham, ambayo ripoti yake ya 1931 iliyaanika hayo mambo hadharani. Na hiyo lifti, kwa majambazi wa enzi za Chicago, "taken for a ride" ni safari isiyo na kurudi. Unapakiwa garini mzima, unashushwa maiti.

Unasema umepata orodha ya maneno 300 ya majambazi wa zamani wa Marekani, unataka kutafsiri visa vya wapelelezi vya miaka ya 1920 na 1930 viwe simulizi za sauti, na unauliza kama orodha inatosha, kama utumie Kiswahili cha mtaani au sanifu, na utoze bei gani. Hiyo orodha naijua. Kama ni ile PDF yenye kofia na bastola kwenye jalada, mimi niliilipia kabisa, tena kwa furaha.

Aliyeniuzia ni mjuvi mmoja wa kundi la WhatsApp la watafsiri, jina nalihifadhi kwa sababu bado namdai. Akanipa na ushauri wa bure: "Maneno magumu angalia kwenye orodha, mepesi yatajieleza yenyewe kwa muktadha." Nikaandika hiyo sentensi kwenye karatasi nikaibandika juu ya kompyuta. Ndiyo, niliibandika. Cheka, halafu endelea kusoma.

Kisa nilichopewa kilikuwa cha wavunja sefu, wale walioitwa "yeggs", wazururaji waliokuwa wakidandia treni za mizigo na kuvunja sefu za benki za miji midogo. "Yegg" sikulijua, nikalitafuta, nikalipata. "Bulls" nikagundua si fahali, ni polisi. Nikajiona bingwa. Halafu likaja "soup". Sasa wewe, supu unaitafuta kwenye kamusi? Mimi mtoto wa Dar, supu naijua kwa chapati mbili, ndimu na pilipili ya kuwasha masikio.

Na huo muktadha ndio ulionishika mkono ukanipeleka shimoni. Kambi ya wazururaji kando ya reli, usiku, baridi. Moto unawaka, kopo limeinjikwa. Mzee mmoja amechutama, analishughulikia kopo taratibu kuliko mama anayembembeleza mtoto alale, na kila kijana akisogea anafokewa. Nikaandika: "Mzee alikoroga supu yake polepole, akiwakemea wenye njaa wasije wakaimwaga." Hao wenye njaa hawamo kwenye kisa. Niliwaleta mimi. Ukurasa unaofuata mzee anashika kichwa, kinamgonga balaa. Nikasema hiyo ni pilipili. Usiku wanaingia benki na chupa ya supu na kipande cha sabuni. Chupa, nikasema, watakunywa wakisubiri mlinzi apite. Sabuni? Nikaongeza sentensi wakanawa mikono.

Halafu sefu ikalipuka.

Nikarudi nyuma mara tatu kutafuta baruti imetokea wapi. Haipo. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nikaamua mwandishi kasahau, nikamsaidia: nikapachika kwamba mmoja wao alikuwa ameificha ndani ya koti. Mkuu, nilimsahihisha mtu aliyekuwa anajua anachokiandika kuliko mimi ninavyojua jina langu.

"Soup" kwa wavunja sefu ni nitrogliserini, kimiminika cha kulipulia kilichotolewa kwenye vijiti vya baruti kali (dynamite) kwa kuvichemsha. Mzee anafoka kwa sababu kopo likitikiswa vibaya kambi nzima inahamia mbinguni. Kichwa kinamgonga kwa sababu kemikali hiyo hupenya kwenye ngozi na kutanua mishipa ya damu. Sabuni ni ya kuzibia nyufa za mlango wa sefu. Kila kitu kwenye ule ukurasa kilikuwa kinapiga kelele, mimi nasikia njaa tu.

Tulirekodi sehemu 14, na sita zilikuwa zimeshakwenda hewani, mpaka msikilizaji mmoja akaandika chini: "Hawa majambazi wanakunywa supu benki saa nane usiku, sefu inafunguka kwa harufu?" Mteja akaziondoa zote siku hiyo hiyo. Studio ikalipwa upya, wasimuliaji watatu wakalipwa upya. Malipo yangu yalikuwa milioni moja na laki mbili. Laki nane zikaenda huko. Nikabaki na laki nne na jina jipya, kwani msimuliaji mkuu akinipigia simu mpaka leo anaanza na "Chapati ngapi, kaka?" Mjuvi wangu nilimweleza yote kwa ujumbe mrefu. Tiki mbili za bluu, kimya.

Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema hata mnichoke: neno usilolijua halina madhara, utalitafuta. Neno unalolijua ndilo litakalokula pesa yako. "Fence" utaandika uzio, kumbe ni mnunuzi wa mali ya wizi. "Ice" barafu, kumbe almasi. "Jug" jagi, kumbe benki, na kwenye kisa kingine ni jela. Jiulize tu mgeni aliyejifunza Kiswahili miaka miwili asome "akachomoa mguu wa kuku, akamtwanga shaba". Ataona mtu na chakula chake cha jioni anagombana na fundi vyuma. Wewe kwa Waingereza na Wamarekani wa 1928 ndiye huyo mgeni.

Orodha yako ina kosa jingine ambalo hulioni: haina miaka. Nimeona umeandika "gunsel" ni mtu wa bastola. Dashiell Hammett, mwandishi wa visa vya wapelelezi aliyewahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, alilipenyeza kwenye riwaya yake The Maltese Falcon, iliyoanza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Black Mask mwaka 1929. Inasimuliwa kwamba mhariri alikata maneno yanayohusu wizi wa nguo kwenye kamba akidhani ni matusi, akaliacha hilo akidhani ni habari ya bunduki. Asili yake ni Kiyidishi, kifaranga cha bata bukini, na kwa wazururaji na wafungwa lilikuwa kijana anayewekwa kimapenzi na mwanamume mkubwa. Wasomaji wakadanganyika, waandishi wakaiga, maana ya bastola ikaingia kweli kwenye kamusi. Ya Hammett na ya mwandishi wa miaka ishirini baadaye si neno moja. Ingia kwenye kamusi ya misimu ya Jonathon Green, iko mtandaoni bure, kila maana ina mifano yenye mwaka. Ndiyo nayotumia sasa, hata kwa neno "maji".

Mtaani au sanifu? Changanya kwa akili. "Grand" ni dola 1,000, na buku letu limekaa vizuri pale, ila usimtie Mmarekani wa 1930 msimbazi mfukoni. Na usikate tamaa kwa ugeni: Raymond Chandler mwenyewe, gwiji mwingine wa visa hivi, alikulia Uingereza, akasema ilimbidi ajifunze Kiamerika kama lugha ya kigeni.

Kulikuwa na swali jingine, limenitoka. Lakini nimerudi kwenye sampuli yako na nimeona mstari wa tisa. Huyo "paperhanger" uliyemwita fundi wa kubandika karatasi ukutani hajawahi kushika gundi. Anapitisha hundi feki.