Kabla hujanunua seva ya kori 32, kaa na mhasibu wako saa moja

Mwaka 2021 nilimshauri mama mmoja wa Moshi, mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi upande wa Mbuyuni, anunue seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia zile nyingine za ofisi, yenye prosesa mbili za Xeon za kampuni ya Intel, kila moja na kori 16. Prosesa ni ubongo wa kompyuta, na kori ni kile kiini chake kinachofanya hesabu. Seva yake ya zamani ilikuwa na kori nne. Nilimwambia ni sawa na kuongeza vibarua kutoka wanne hadi 32, akaniamini, akalipa. Niliifunga Jumamosi jioni, nikahamisha databesi ya hesabu usiku uleule, na Jumatatu asubuhi mhasibu akaita ripoti ya mauzo ya mwezi.

Kwenye seva ya zamani ripoti ile ilichukua dakika 11. Kwenye mpya ilichukua 13.

Mama alinipigia. Baada ya shikamoo na marahaba aliuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, hela yangu imekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nililitafuta wiki tatu, na ninaliandika kwa sababu bado naona maduka, shule na kampuni za utalii hapa Arusha zikipokea proforma ambayo kitu cha kwanza kinachosifiwa ni idadi ya kori.

Tuanze na ilikotoka idadi hiyo. Zamani prosesa mpya ilimaanisha prosesa inayokimbia zaidi. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000 joto likawashinda watengenezaji: kila walipopandisha mwendo, umeme uliotumika na moto uliotoka vilipanda kupita kiasi. Mwaka 2004 Intel iliachana kabisa na prosesa iliyokuwa ikiiandaa kwa jina la Tejas, ikageukia kuweka kori zaidi ya moja kwenye kipande kimoja. IBM ilikuwa imeshatangulia na POWER4 yenye kori mbili mwaka 2001, na AMD, mpinzani wa Intel, ikaleta Opteron ya kori mbili mwaka 2005. Tangu hapo mbio hazijasimama. Mwishoni mwa 2024 AMD ilitoa EPYC yenye kori 192 kwenye prosesa moja. Kwa wanaohudumia mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, huo ni mkombozi wa kweli. Lakini duka la Mbuyuni lina watu tisa kwenye kompyuta, na mmoja tu ndiye anayesubiri ripoti.

Fikiria sufuria ya mtori. Mtu mmoja anamenya ndizi kwa dakika 40, kisha mtori unachemka dakika 60. Leta wamenyaji wanne: kumenya kunashuka hadi dakika 10, jumla 70. Leta wamenyaji 40: kumenya dakika moja, jumla 61. Hata ukiita ukoo mzima, zile 60 za jikoni hazitapungua. Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1967 na hesabu yake ingali inatumika: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoamua kikomo cha kasi yako. Ripoti ya yule mama ilikuwa karibu yote ni kuchemka. Ilienda kwa uzi mmoja, yaani hatua moja baada ya nyingine bila kugawanywa, ndani ya kori moja, na kori hiyo ilikuwa na mwendo wa msingi wa gigahezi 2.1 wakati ile ya zamani ilikuwa na 3.5. Prosesa yenye kori nyingi hulazimika kugawana umeme na joto, ndiyo maana mara nyingi kila kori inakwenda taratibu kidogo. Kori ikiwa peke yake kazini hupandisha mwendo kwa muda, ila kwa mama haikufika ilipokuwa ile ya zamani.

Kilichonichelewesha kuliona hili ni Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kompyuta inavyotumika. Ilikuwa inaniambia prosesa inatumika asilimia 2, nikawa naamini tatizo liko kwingine: diski, mtandao, hata nyaya nilizibadilisha. Sasa piga hesabu. Kila kori ya prosesa zile huonekana kama mbili kwenye Windows, kwa hiyo 32 zinaonekana 64. Moja ikijaa kabisa katika 64, wastani hauzidi asilimia 2. Bofya kulia kwenye ule mchoro, ubadilishe uonyeshe kila prosesa peke yake. Ukiona kisanduku kimoja kimejaa hadi juu na vingine vyote vimelala, kori za ziada hazitakusaidia kwa kazi hiyo. Fanya hivyo kwenye seva uliyo nayo leo, wakati mhasibu anaendesha ripoti yake nzito kuliko zote, kabla hujaomba proforma yoyote. Kwa wengi nzito ni ile ya kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha VAT. Ile saa moja ya kukaa naye ina thamani kuliko kipeperushi chochote.

Halafu kuna leseni, na hapa ndipo pesa inapovujia bila mtu kuona. Programu ya hesabu ya mama ilitumia SQL Server Express, toleo la bure la databesi ya Microsoft. Express ile ya 2019 hutumia soketi moja (tundu linalobeba prosesa moja) au kori nne, kipi kidogo kati ya hivyo, na hujiwekea takribani megabaiti 1,410 tu za RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa ajili ya data. Kwa hiyo katika kori 32 nilizomnunulia, databesi isingegusa zaidi ya nne hata ingetaka. Windows Server nayo, tangu toleo la 2016, inauzwa kwa kori: unalipia angalau 16 kwa kila seva. Mwenye 32 analipa mara mbili. Mama alilipa mara mbili.

RAM ilikuwa kosa la tatu. Prosesa za kizazi kile zina njia sita za kufikia RAM kila moja. Seva ilikuja na vijiti viwili vikubwa, kimoja kwa kila prosesa, nami nikaona gigabaiti zimetosha nikafurahi. Maana yake kori 16 zilikuwa zimepanga foleni kwenye njia moja huku tano zikiwa tupu. Ukiomba gigabaiti 96 kwa prosesa ya namna hiyo, omba vijiti sita vya 16.

Tulivyoirekebisha: kwanza nilimtafuta kijana aliyeandika ile programu, tukaangalia ripoti pamoja. Jedwali la ankara halikuwa na faharasa ya tarehe, yaani orodha ya kuielekeza databesi moja kwa moja kwenye tarehe inayotafutwa, kwa hiyo kila mara databesi ilisoma ankara zote tangu duka lifunguliwe ili kupata za mwezi mmoja. Aliongeza faharasa jioni moja. Dakika 13 zikawa sekunde 40, bila kununua hata skrubu. Ningeanza hapo, mama asingehitaji seva mpya mwaka ule, na nilimwambia hivyo ana kwa ana.

Kori zilizobaki sikuziacha zilale. Niligawa seva kwa mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja: ya hesabu, ya wafanyakazi wa matawi wanaoingia kwa mbali, na mbili za Linux kwa mafaili na picha za kamera. Ukifika hatua hii na unatumia Express, chunga mpangilio: ipe mashine pepe soketi moja yenye kori nne. Ukiipa soketi nne zenye kori moja moja, Express itaona soketi moja na kutumia kori moja. Nimekuta kosa hili kwenye ofisi tatu tofauti na kila mahali walikuwa wanalaumu intaneti.

Nisieleweke kwamba kori nyingi ni upotevu. Kampuni moja ya safari ninayoihudumia Njiro ina watu 40 wanaofanya kazi ndani ya seva moja kwa mbali, na Julai, wageni wanapomiminika, wote wako ndani tangu saa mbili asubuhi. Hapo kuna kazi 40 zisizotegemeana. Tulipotoka kori 8 kwenda 24, malalamiko yalikwisha wiki ileile. Hao ni wamenya ndizi kwelikweli.

Kwa duka au shule yenye watu 10 au 15, mimi sasa napendekeza seva ya soketi moja, kori 8, mwendo mkubwa. Familia ya Xeon E-2400 inaishia kori 8, EPYC 4004 iliyotoka 2024 inafika 16, na zote zina njia mbili tu za RAM, hivyo vijiti viwili vinatosha kuzijaza. Usisahau umeme. Ile EPYC ya kori 192 imepangiwa wati 500 yenyewe tu, kabla ya feni na diski. Hata seva za mtumba zenye soketi mbili, ambazo bei yake inavutia, humaliza haraka UPS, betri ya akiba umeme unapokatika, na kelele zake hazikaliki ofisini.

Mwezi uliopita mteja wa Sakina aliniletea proforma ya kori 24 na kijiti kimoja cha RAM. Tulikaa na mhasibu wake, tukaangalia vile visanduku. Viwili vilikuwa vinapanda, vingine vimelala. Tulibadilisha oda kuwa kori 8 na vijiti viwili, na tofauti ya bei ikanunua UPS kubwa zaidi na diski ya nakala anayoipeleka nyumbani kila Ijumaa.