Jibu: Anajua silabi ila neno zima linamshinda

Pole dada. Umeuliza kwa nini mtoto wako wa darasa la pili anaimba "ba be bi bo bu" vizuri, halafu neno zima linamshinda. Wangu alikuwa hivyohivyo. Kumbe alikariri wimbo tu! Nilikata maboksi ya sabuni, nikaandika silabi mojamoja, nikazichanganya: ba-ta, ta-bu, bu-ni. Dakika 15 kila jioni, maharage yakiwa jikoni. Akichoka tunaacha. Fimbo weka mbali, na tuisheni isubiri kwanza.

Kamwone na mwalimu wake wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), usingoje kikao cha wazazi. Darasa likijaa, mtoto mkimya anasahaulika kirahisi. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne bado uko mbele, muda unao.