Barua kwa mwanangu: stesheni yetu ilijengwa na nani

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda kuusikilizia pale stesheni penyewe, kwenye lile benchi la zege, ili nikujibu nikiwa naona kwa macho. Unasema mmebishana kazini kwenu Dodoma. Mwenzako kaiona picha ya stesheni ya kijijini kwetu, kaona bati na kibao cha Kiingereza, akasema hilo ni jengo la Mwingereza. Wewe ukasema ni la Mjerumani, maana ndivyo alivyokuwa akisema babu yako. Sasa unataka nikate shauri.

Kila mmoja wenu kashika kipande. Kuta ni za wakati wa Mjerumani, paa na kibao ni vya wakati wa Mwingereza, sakafu ya ofisi tuliimwaga sisi wenyewe baada ya 1977 na mimi nilikuwepo nikisomba maji. Katikati yao yupo Mbelgiji, ambaye hamkumtaja kabisa. Kaa vizuri basi, maana jambo hili nimelibeba moyoni muda mrefu na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 ikafika Kigoma, kama kilomita 1,250 kutoka baharini. Sisi tuko kati ya Kaliua na Nguruka, kwa hiyo hapa ilipita katika ile miaka miwili ya mwisho. Ujiji ndio uliokuwa mji mkubwa, misafara mingi ilikuwa ikiishia huko, lakini reli ikapelekwa Kigoma kwa sababu ghuba yake ina kina na meli hutulia vizuri.

Babu yangu alikuwa mpagazi. Wanyamwezi walijulikana kwa kazi hiyo, kubeba pembe kwenda pwani na kurudi na nguo na nyaya za shaba, miezi na miezi njiani. Reli ilipokuja, kazi ya bega ikafa. Wengi wakahamia kwenye tuta: kuchimba, kubeba mawe, kulaza mataruma, yale ya kukalia reli. Alisema tofauti aliyoiona yeye ni kwamba zamani mzigo ulikuwa na mwisho wa safari, lakini mzigo wa mawe ukiutua unarudi kuchukua mwingine palepale. Hizo kuta unazoziona kwenye picha, mama, ramani ni ya Mjerumani, lakini mawe yametoka kwenye kile kilima cha nyuma ya shule, na yameshuka kwa mabega.

Kwa nini stesheni ikae hapa, porini, hakuna mto mkubwa wala soko? Kijiji chetu kilizaliwa na kiu ya gari moshi. Kichwa cha mvuke hakiwezi kwenda mbali bila kunywa, na wakati ule kilikula kuni, na kuni kwenye miyombo hii hazikuwa tatizo. Tena njia ni moja tu. Treni mbili zikikutana lazima moja iingie pembeni ingoje. Basi kila baada ya mwendo fulani ikawekwa njia ya kupishana, tenki, na mtu wa kukaa hapo. Mtu wa kukaa akaleta mke. Mke akalima. Ndugu wakafuata. Ndiyo historia ya kijiji chetu yote hadi ulipozaliwa wewe.

Nimepima ukuta leo kwa mkono. Niliweka kiwiko kwenye ukingo wa nje wa dirisha la tiketi nikanyoosha vidole kuelekea ndani, na ncha ya kidole cha kati haikufika upande wa pili. Ndiyo maana ofisi ile ilikuwa ya baridi hata Oktoba. Chini ya dirisha kuna ubao wa mninga, na katikati yake pamechimbika kama kisahani kidogo. Hakuna aliyepachonga. Ni sarafu zilizosukumwa hapo, zikavutwa ndani, miaka yote hiyo. Weka kidole, utasikia palivyo laini kama ndani ya kinu cha zamani.

Nikuambie sasa habari ya Mbelgiji. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yalivuka kuja upande huu. Kigoma waliichukua Julai, Tabora wakaingia tarehe 19 Septemba. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli ili wasifuatwe. Kigoma ikabaki mikononi mwa Wabelgiji hadi 1921, na hata walipoikabidhi kwa Waingereza waliachiwa gati yao bandarini kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Kwa hiyo hata kabla Mwingereza hajawa bwana wa huku, walishapita wengine. Babu yangu alisema paa la kwanza la stesheni lilikwenda na vita ile, na kwamba walikaa miaka chini ya nyasi kabla bati halijaja.

Kwenye vita hiyohiyo iko habari ya meli, na hii uwaeleze wenzako maana watu wanaijua meli hawajui njia iliyopitia. Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Ujerumani kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa treni. Masanduku hayo yalipita mbele ya dirisha hilihili kwenda Kigoma. Wakaiunga huko, ikaingia majini 1915, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isishikwe na adui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Meli nzima, mama, ilipita porini kwetu juu ya magurudumu.

Waingereza walijenga kota, na hizo ndizo nyumba ninazozijua kwa ngozi yangu. Ukitaka kujua nani alikuwa nani kwenye reli, tazama madirisha. Nyumba ya stesheni masta ina vyumba vitatu, veranda, madirisha mapana yenye wavu wa mbu, na jiko limejengwa mbali kidogo ili moshi usimfikie. Nyumba ya mtu wa pointi, yule wa kuihamisha treni njia, ina vyumba viwili na madirisha ya kiasi. Halafu zipo nyumba za gengi, yaani kundi la vibarua wa kutengeneza njia, kule chini, safu moja ndefu ya chumba kimoja kimoja. Kila chumba mlango mmoja na dirisha ambalo mtoto akitoa kichwa, mabega yanabaki ndani. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1948 walizitia namba kwa rangi, na namba yetu ilikuwa 4. Hapo ndipo nilipozaliwa, mimi na shangazi zako wawili.

Babu yako aliamka kabla ya jogoo. Alibeba spana ndefu begani na bendera nyekundu iliyoviringishwa kwapani, akatembea kipande chake cha njia chote akitazama chini. Akikuta nati imelegea anakaza, akikuta kokoto zimekimbia anaweka alama ili gengi lije lijaze. Mvua za Machi alitoka hata usiku, maana maji yakila tuta reli inabaki inaning'inia na dereva hawezi kuiona. Alirudi na kula ugali wa baridi akiwa amesimama. Mataruma yetu ni ya chuma, hukuwahi kujiuliza kwa nini? Mchwa. Mti hapa haulali chini ukaamka. Usiku treni ya mizigo ikipita, sufuria zote kwenye rafu zilicheza, na bibi yako alikuwa akiweka kitambaa kati ya kila sufuria na mfuniko wake ili tusiamke. Tulikuwa hatuamki. Tuliamka treni isipopita.

Duka la Mwarabu, msikiti na godauni la tumbaku vilikuja baadaye, kila kimoja kwa wakati wake, na utavikuta bado vimesimama. Godauni lina ufa sasa.

Lakini ipo sehemu moja ambayo hakuna jengo, na kwangu ndiyo iliyokuwa moyo wa kijiji: chini ya ile miembe mitano kando ya njia. Treni ya abiria ilifika usiku. Kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni kikigongwa, maana yake imeondoka stesheni ya jirani, na kina mama wanatoka kila nyumba na koroboi. Bibi yako alikata kopo la mafuta ya kula upande mmoja, akaweka koroboi ndani, upepo wa treni usiizime. Kichwani sinia la matobolwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mkononi chupa za asali; msimu wa mvua uyoga, msimu wa baridi karanga. Wakati wa kupishana tu ndio treni ilikaa, na dirisha la behewa liko juu. Anainua sinia kwa mikono miwili, mtu anachukua, anashusha hela. Mara nyingine treni inaanza kwenda na hela bado iko juu. Anakimbia sambamba na behewa, koroboi limebaki chini, na nakwambia kweli sikumbuki hata mara moja abiria aliyekataa kuirusha ile hela. Tulikuwa tunaiokota asubuhi kwenye kokoto. Ada yangu ya shule ya bweni ilitoka pale.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walioishi porini waliletwa hapa, na kijiji kikawa mara tatu ya kilivyokuwa. Ndipo tulipopata shule na zahanati. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, stesheni masta wetu, aliyekuwa mtu wa Kisumu, akaondoka na familia yake; mama yangu aliwafungia asali ya njiani. Likaja Shirika la Reli Tanzania, tukamwaga ile sakafu.

Siku stesheni ilipofungwa sikuwepo, nilikuwa nauguza Tabora. Nilikuta kufuli jipya na karatasi imebandikwa. Walioifunga walikuwa na hesabu zao na sitaki kuwataja. Kilichoniuma ni kwamba ndani walikuwa wameacha daftari za treni, zile ndefu za jalada la kitambaa, na mvua ikaingia kwa bati lililopeperuka. Nilipopata ufunguo kwa mwenyekiti, zilikuwa zimeshikana kama mkate. Niliokoa moja. Ipo kabatini, juu ya nguo za mama yako.

Najua unaipanda ile treni mpya ya umeme hadi Dar es Salaam, na ulivyonieleza safari yenyewe nilifurahi sana, nilimwita jirani asikie. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Reli yetu upana wake ni milimita 1,000, hiyo mpya ni 1,435. Mabehewa ya moja hayawezi kusimama juu ya nyingine. Nataka ijengwe, na nataka ifike upesi. Mgonjwa wa huku anahitaji njia. Lakini treni ya kasi haitasimama kwenye kila kichaka, na hapo ndipo ninapotaka unisaidie. Wewe una kompyuta na una wenzako wanaojua mambo ya majengo. Njoo Desemba na mmoja wao, hata huyo mliyebishana naye. Apime kuta, apige picha nyumba ya masta, halafu aende kule chini apige na nyumba za gengi kabla hazijaisha. Namba 1 na 2 zimeshaanguka. Watu wanachukua matofali kujengea vyoo, siwezi kuwalaumu. Wapo wazee watatu waliofanya kazi ya gengi na bado wana akili timamu. Mmoja haoni, lakini ukimtajia daraja anakwambia lina mataruma mangapi.

Halafu kuhusu ubishi wenu. Kona ya nyuma ya stesheni, paa limeegemea nguzo ambayo ni kipande cha reli ya kwanza, kilichotolewa njiani wakati wa kubadilisha. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nazisoma herufi zake kwa vidole, maana zimeinuka kidogo kwenye ubavu wa chuma. Jana nimechukua karatasi, nikaibandika juu yake, nikasugua na mkaa taratibu. Jina la kiwanda limetoka nusu. Mwaka umetoka 1, 9, 1, na tarakimu ya mwisho imeliwa na kutu. Nimeitia ndani ya bahasha hii katikati ya kadibodi mbili. Mwonyeshe mwenzako, lakini asiishike kwa mkono wenye maji, mkaa bado unatoka.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama mjukuu ameacha kukohoa. Ametenga chupa mbili za asali mpya. Dereva wa basi la Kaliua atazileta.

Baba yako