Video yangu ya mawingu inaanza adhuhuri na nusu yake ni giza

SWALI: Asalaam aleikum, fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Langoni hapa Lamu. Nina tovuti ndogo ya hali ya hewa ambayo manahodha wawili watatu na nyumba za wageni za Shela huitazama kabla ya kutoka asubuhi. Nimefunga kamera ya USB darini, imeunganishwa na laptopu kuukuu ya Windows, na natumia programu ya kupiga picha iitwayo Yawcam. Nataka siku nzima ya anga ipite kwa dakika moja na ushei. Nimeiwekea ianze saa 12 imalize saa 1, lakini video inaanza jua likiwa utosini na karibu nusu yake ni giza tupu. Tena inapepesa kama taa mbovu, mawingu yanaruka badala ya kutembea, stima ikipotea na picha za asubuhi zinapotea, na simu nyingi hazifungui hiyo video. Ninunue programu gani?

JIBU: Wa aleikum salaam, mwalimu. Usinunue chochote. Yawcam ni ya bure na inatosha kwa kazi uliyoipa, ila umeipa kazi mbili kwa pamoja. Nitalirudia hilo, kwanza tumalize la giza, maana nilicheka peke yangu kibandani niliposoma.

Wewe umesema saa 12 kama tunavyosema sote, alfajiri kukipambazuka. Kompyuta haijui saa zetu. Yenyewe huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo 12 yake ni saa sita mchana, na 1 yake ni saa saba usiku. Umeiamuru ianze adhuhuri na ikeshe. Andika 6 mwanzo na 19 mwisho. Lamu jua huchomoza karibu na saa 12 na robo asubuhi mwaka mzima, likiwahi au kuchelewa kama robo saa tu, basi saa hizo 13 zitakupa wekundu wa asubuhi na wa magharibi bila kukesha. Hakikisha pia laptopu yenyewe imewekwa kwenye saa za Nairobi. Nimekuta mashine zilizoletwa kutoka nje bado zinafuata saa za kwao, na mwenyewe hajui kwa sababu simu yake ndiyo anayoitazama.

Sasa la mawingu kuruka. Ukipiga picha moja kila dakika kwa saa 13 unapata picha 780. Zikienda 24 kwa sekunde, video ni sekunde 32 na nusu. Kwa siku tulivu ya matlai inapendeza. Lakini upepo wa kusi ukishika, kiwingu cha chini hukata anga yote ya kamera yako kwa dakika chache, na kwa picha moja kila dakika utakiona mara tatu nne tu: kipo kushoto, kipo katikati, hakipo. Weka sekunde 20. Hapo unapata picha 2,340, na video ya sekunde 97, ndiyo hiyo dakika na ushei unayoitaka. Chini ya sekunde 10 sikushauri, unajaza diski bure. Picha moja ikiwa na ukubwa wa kilobaiti 300 hivi, sekunde 20 zinakula megabaiti 700 kwa siku, kwa hiyo weka utaratibu wa kufuta picha zilizopita wiki moja.

Zile kazi mbili ni kupiga picha na kuunganisha picha. Yawcam inaweza zote, lakini iachie ya kwanza tu: ipige, iweke kwenye folda, basi. Ukiiacha iunganishe hapo hapo, kosa lolote la saa nne asubuhi linaingia ndani ya video na hulitoi tena. Picha zikiwa zimekaa kwenye folda unaweza kuunganisha upya hata mara kumi, kwa kasi nyingine au kwa saa za mvua peke yake.

Na folda hiyo ndiyo inayoeleza picha zako za asubuhi zinakokwenda. Nadhani faili zako zinaitwa 1, 2, 3 na kuendelea. Stima ikirudi programu inaanza tena na 1, inaandika juu ya ile 1 ya alfajiri, na asubuhi yako inafutika kidogo kidogo. Chagua majina yabebe tarehe na saa, mfano 20250504_061520.jpg, yaani tarehe 4 Mei, saa 12 na dakika 15 asubuhi. Jina la namna hiyo halijirudii. Kisha iweke Yawcam ijiwashe yenyewe Windows inapoamka. Kama betri ya laptopu imekufa, inunulie nyingine kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kuunganisha tumia FFmpeg, nayo ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na programu nyingi za video zimeificha ndani yake. Haina vitufe, unaiandikia amri. Jioni saa 1 na dakika 10 (kwa kompyuta 19:10) ratiba ya Windows (Task Scheduler) iendeshe faili dogo la amri linalofanya mambo matatu: linafuta picha zilizo chini ya kilobaiti 10, maana hizo ni za wakati stima inakatika na zimeandikwa nusu, linanakili zilizobaki kwenye folda ya pili kwa majina ya 00001, 00002, kwa mpangilio wa saa, kisha linaita hii:

ffmpeg -y -framerate 24 -i C:\anga\leo\%%05d.jpg -vf "deflicker,scale=1280:-2" -c:v libx264 -crf 26 -pix_fmt yuv420p -movflags +faststart C:\anga\leo.mp4

Namba zinatolewa jioni, baada ya kuchambua, kwa sababu FFmpeg ikikuta pengo kati ya 00411 na 00413 inadhani siku imeisha na kusimama hapo. Zile alama mbili za asilimia ni za ndani ya faili la amri la Windows. Ukiandika amri kwa mkono weka moja.

Simu zinazogoma zinatibiwa na yuv420p. Picha za kamera hubeba rangi kwa namna ambayo simu nyingi na brauza nyingi hazijui kuisoma ikiwa ndani ya video, na FFmpeg usipoiambia inaiacha vilevile. Faststart inahamishia mwanzoni ile sehemu ya faili inayoeleza kilichomo, ili nahodha aliyeko jetini na bando la kuungaunga aanze kuona kabla video haijashuka yote. Ukiona faili bado ni kubwa, panda crf, ile namba ya kubana video, hadi 28. Usiende kwenye GIF hata ukishawishiwa, kwani ina rangi 256 tu na buluu ya anga hukatika mistari mistari kama kuta zilizopakwa rangi mara moja.

Deflicker ndiyo dawa ya kupepesa, ila ni nusu ya dawa. Nusu nyingine iko kwenye kamera. Mwangaza uache ujirekebishe wenyewe, maana alfajiri na adhuhuri haviwezi kutumia kipimo kimoja. Lakini kipimo cha rangi nyeupe (white balance) na fokasi vifunge kwa mkono. Huku kwetu Malindi, masika mto Sabaki ukimwaga tope bahari inakuwa rangi ya udongo, na kamera iliyoachwa ijirekebishe inadhani imekosea, inaongeza buluu hadi mawingu yanakuwa ya zambarau. Kwako tope hilo halifiki, ila wingu zito likipita mchezo ni uleule. Fokasi nayo ikiwa huru, tone moja la mvua kwenye kioo linaiteka na kisiwa cha Manda ng'ambo yako chote kinakuwa ukungu.

Kamera yako, kwa picha uliyoniambatishia, inatazama mashariki, Manda moja kwa moja. Kwa macho ni pazuri. Kwa kamera ni pabaya: jua linaichoma usoni saa mbili tatu za kwanza na kila kitu chini ya anga kinakuwa cheusi. Igeuze kusini, iutazame mkondo kuelekea Shela. Nyinyi mko karibu sana na ikweta, jua lenu huchomoza mashariki na hupita juu kabisa. Hata Desemba linapoelemea kusini, kamera inayotazama kusini haitalikuta mbele yake, asubuhi wala mchana. Na manyunyu ya kusi huingia kutoka upande huo huo, kwa hiyo manahodha wako wataona mvua inavyojongea, si ilivyokwisha kufika.

Faida nyingine ni maji. Siku za bamvua utaona mkondo unajaa na kupwa, na mashua za kandokando zinalala ubavu kisha zinainuka zenyewe. Video ya siku moja inapendeza sana. Wengine hutaka pia ya mwezi, picha moja kila siku saa ileile. Kwa hiyo ya mwezi elekeza kamera juu zaidi, kwa sababu maji huchelewa kama dakika 50 kila siku na yatakuwa yakirukaruka kwenye video bila mpango.

Kupandisha kwenye tovuti, tuma video ikiwa na jina la muda, kisha ibadilishe jina iwe leo.mp4 ikishafika yote. Vinginevyo anayefungua katikati anapata faili la nusu. Picha zile 2,340 zibaki nyumbani. Tuma video moja jioni na picha moja ndogo kila dakika tano, bando lako litapumua.

Chumvi nadhani unaijua kuliko mimi. Mimi kamera yangu ya kwanza niliiweka juu ya paa bila kasha, na kwa miezi mitatu tundu la waya lilikuwa kutu tupu. Futa kioo kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa laini, kila Ijumaa ukitoka msikitini ili usisahau. Kama kamera ina taa za usiku zizime, zinaita wadudu, na wadudu wanaita buibui. Nasema yule wa utando, mwalimu, si vazi.

Na kuhusu vazi pia nina neno. Kwenye picha yako, kona ya chini kushoto, kuna paa la jirani na kamba ya nguo imeanikwa. Hiyo ni dari ya watu, kina mama hupanda kupunga upepo wakijua hakuna anayewaona, na sheria ya kulinda data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo ipo. FFmpeg inaweza kuziba kona kwa kisanduku cheusi, lakini itaziba kwenye video tu, picha zenyewe zitabaki kwenye folda yako na ile ndogo ya kila dakika tano itaendelea kuonyesha. Ukishaigeuza kusini na paa la mtu bado linaonekana, inua kamera vidole viwili hivi, utapoteza kipande cha maji na utapata anga zaidi. Kisha panda kwa jirani, muonyeshe kwenye simu kinachoonekana.