Wanafunzi watabiri kwanza, ndipo uwashe kompyuta

Wahadhiri wapya wa fizikia huuliza watumie programu gani darasani. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: kabla ya programu, mwanafunzi ameandika nini kwenye karatasi yake? Kama hajaandika kitu, kilicho kwenye skrini kitampita, hata kiwe kizuri vipi. Ataitikia kwa kichwa, na kwenye mtihani atarudia lile lile alilokuja nalo.

Chukua mpira uliorushwa wima kwenda juu. Ukifika kileleni, mchapuko wake, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi yake, ni kiasi gani? Wengi husema sifuri, maana mpira umesimama. Ukiwaonyesha papo hapo grafu ya kompyuta, watainakili bila kugundua kwamba inawapinga. Lakini kila mmoja akichora kwanza grafu ya kasi na muda kwa mkono wake, akapiga kura, akabishana na jirani yake, ndipo ukawasha kompyuta, wote watainua shingo waone nani alikuwa sahihi. Mstari unakatiza sifuri bila kubadili mteremko, na mteremko huo ndio mchapuko. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard amefundisha kwa kura na mabishano ya namna hii tangu miaka ya 1990. Kura unaweza kuikusanya hata kwa kadi za rangi. Mimi napendelea simu, kwa sababu mwanafunzi mwenye haya hupiga kura yake bila kutazamwa.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya video. Mwanafunzi anaachia mpira, mwenzake anarekodi kwa simu ya kawaida, fremu 30 kwa sekunde. Kisha wanaifungua video kwenye Tracker, programu ya bure, na kutia alama mahali mpira ulipo. Kila baada ya fremu tatu imepita sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo mpira unapaswa kuwa umeshuka sentimita 4.9, halafu 19.6, halafu 44.1, halafu 78.4. Hapo wazuie wasibonyeze kitufe cha kuchora grafu. Waambie watafute mpira ulishuka kiasi gani katika kila kipande cha muda: 4.9, 14.7, 24.5, 34.3. Wagawe zote kwa ile ya kwanza. Zinatoka 1, 3, 5, 7. Ni mfuatano ule ule alioupata Galileo, aliyebingirisha mipira kwenye ubao ulioinamishwa huku akipima muda kwa maji yanayochuruzika. Namba za wanafunzi hazitakuwa safi hivi, lakini zikikaribia, darasa huchangamka lenyewe.

Mambo matatu huharibu kazi hii. Simu ikishikwa mkononi hutikisika, kwa hiyo iegemezwe mahali. Mwanga ukiwa hafifu mpira huonekana kama mchirizi, na hujui utie alama wapi. La tatu ndilo kubwa: rula ya kuipa programu kipimo lazima iwe umbali sawa na mpira kutoka kwenye kamera. Mpira ukiwa mita 2 kutoka kwenye kamera na rula ikasogea mbele, kuelekea kamera, sentimita 10 tu, rula itaonekana ndefu kuliko ilivyo, na mchapuko wa mpira unaoanguka, ambao ni mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, utashuka hadi 9.3. Nasisitiza hili kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi anapojifunza kwamba kompyuta hukokotoa kile ilichopewa, kiwe sahihi au kisiwe.

Kwa visivyoonekana kwa macho, kama mwendo wa molekuli za gesi, natumia uigaji wa kompyuta wa PhET, mradi ulioanzishwa na mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado. Lakini penduli, springi na lenzi zishikwe kwa mikono. Sioni sababu ya kuigiza kitu kilichomo kabatini.

Kwenye kazi zako za utafiti, chagua vifaa vichache uvijue vizuri. LaTeX kwa kuandika milinganyo, Zotero kwa kupanga marejeo, na arXiv, hazina ya makala mtandaoni iliyoanza mwaka 1991, kwa kusoma makala za wenzako bila kulipia. Faili la vipimo ghafi usiliguse kamwe. Fanyia kazi nakala yake, na nakala nyingine iwekwe nje ya kompyuta yako.

Sasa kuna akili mnemba, nayo humtolea mwanafunzi ripoti nzima ya maabara kwa dakika moja. Sipotezi muda kuwinda nani ameitumia. Nataka video yenyewe, jedwali ghafi, na utabiri ulioandikwa kabla ya kupima. Kisha swali la mtihani linatoka humo humo: nawapa jedwali la kundi lililopata 9.3, nawauliza rula ilikuwa mbele au nyuma ya mpira, na kwa sentimita ngapi.