Maswali ya Walimu: Mwanafunzi Aliyejikatia Tamaa

*Safari hii tumechagua barua tatu za walimu wenye wanafunzi waliokwama.*

Nafundisha Hisabati Kidato cha Pili, mkondo wenye wanafunzi 74. Kama 20 hivi wanakaa nyuma na kunakili majibu ya wenzao. Ukiwauliza, "Mimi na hesabu wapi na wapi, mwalimu!" Nimewatia moyo mpaka nimechoka. Nifanyeje? – Mwalimu, Kahama

Maneno yako hayawaingii kwa sababu madaftari yao yanasema kinyume. Mtoto aliyepata 9, kisha 11, kisha 7, ukimwambia "unaweza" anaona humjui. Anzia kwenye daftari.

Chagua watano, si 20. Hao 20 utawamudu wiki moja, kazi itakulemea, nao watakuhesabu miongoni mwa walimu waliowaacha njiani. Watano wa kwanza wawe wanaohudhuria. Mtoro ana shida nyingine, huenda umbali, njaa au kibarua, na yake huanzia kwao nyumbani.

Wape maswali kumi ya shule ya msingi: kutoa kwa kukopa, kuzidisha, kujumlisha sehemu, namba hasi. Waambie si jaribio, na usiandike alama juu ya karatasi. Utakuta wengi hawakukwama kwenye aljebra, walikwama zamani kwenye sehemu. Mtoto anaandika 2/3 + 1/4 = 3/7, yaani kajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Ukimpiga kosa jekundu na kupita, anachosoma pale ni kwamba yeye mjinga. Andika pembeni: "Kujumlisha unajua. Ila asili hazifanani. Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 3 na 4 kwanza." Kisha mwachie mistari minne arudie papo hapo. Akiandika 8/12 + 3/12, hiyo ni tiki tayari, hata kama mwisho ataandika 10/12. Ukisahihisha jibu la mwisho tu, hatua zote alizopatia zinapotea, na yeye mwenyewe hatajua kwamba alizipatia.

Halafu lengo. Usimwahidi A. Daraja D huanzia 30, na mwenye 9 anaujua umbali huo vizuri kuliko wewe. Mwekee 15 kwenye jaribio lijalo, na mawili kati ya maswali yake yatoke kwenye mada uliyorudi naye. Akipata 16, weka karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya, umwonyeshe kilichobadilika: "Safari hii umetafuta KDS kabla ya kujumlisha." Kumwambia "hongera, una akili" kunamgeukia siku atakayokosa. Kama kupata ni akili, kukosa ni nini?

Usimwinue kwenda ubaoni kwa kumshtukiza. Mpe swali leo, akuonyeshe kazi asubuhi, umwite kwenye kipindi. Ataenda akiwa na jibu, na darasa zima litamwona akipata. Hilo peke yake hubadilisha nafasi yake miongoni mwa wenzake kuliko hotuba zako zote.

Vitu viwili vitakubomolea kazi. Kimoja ni kubandika matokeo ukutani kwa nafasi, wa 1 hadi wa 74. Cha pili ni neno "vilaza" ofisini. Yanayosemwa kwenye ofisi ya walimu huwafikia wanafunzi kabla kengele haijagongwa. Mabadiliko yahesabu kwa muhula, si kwa wiki. Watano wakianza kusimama, ongeza wengine watano.

Nina mvulana wa Darasa la Sita, kila siku ana kesi. Amechapwa mpaka fimbo haimshtui. Naambiwa nijenge naye urafiki, lakini sitaonekana dhaifu? – Mwalimu, Lindi

Tuanze na fimbo. Kwa kanuni za mwaka 2002, anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, na adhabu inaandikwa kitabuni. Kama kila mwalimu wa zamu anamchapa anavyojisikia, basi anayevunja utaratibu shuleni hapo si mtoto peke yake.

Hakuna anayekutaka uwe rafiki yake. Kinachotakiwa ni dakika mbili kwa siku, kwa siku 10 za shule mfululizo, mzungumze jambo lisilohusu masomo wala nidhamu: mpira, uvuvi, mdogo wake. Siku za mwanzo atakujibu "ndiyo" na "hapana" huku akitazama chini, maana amezoea kwamba akiitwa ni kesi. Endelea. Siku akikosea, kosa lishughulikiwe kivyake na dakika zake mbili zibaki palepale. Wengi huharibu hapo: wanazigeuza zawadi ya tabia njema, na mtoto anagundua haraka kwamba ulikuwa mtego. Sheria za darasa hazilegei. Akivuruga kazi ya kikundi, airudie peke yake siku hiyohiyo.

Mpigie mzazi siku ya heri. Aliyezoea kuitwa kwa mashtaka, akiona namba yako hapokei. Sentensi moja inatosha: "Leo kamaliza kazi yote ya Sayansi." Usitie "lakini".

Binti wa Kidato cha Kwanza ameanza kuniamini. Anataka kuniambia siri, ila niahidi sitamwambia mtu. – Mwalimu, Morogoro

Usiahidi. Mwambie kabla hajaanza: "Nitakusikiliza. Kama kuna anayekuumiza, itabidi nimshirikishe anayeweza kusaidia, na nitakwambia kwanza ni nani." Kaeni mahali mnapoonekana, hata kama hamsikiki. Usimhoji kama polisi. Maneno yake yaandike kama alivyoyasema, siku hiyohiyo.

Ikiwa ni ukatili, mshirikishe mwalimu wa ushauri nasaha na mkuu wa shule, kisha ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Akimtaja mwalimu wa shuleni hapo, usianzie ofisini, nenda moja kwa moja ustawi wa jamii au kwenye Dawati. Simu ya mtoto ni 116, haina malipo. Ikiwa ni mimba, ajue mapema kwamba Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi shule baada ya kujifungua. Wengi huacha kuja kwa kudhani mlango umefungwa.