Data ni mtandao, lakini si lazima bodi ionyeshwe utando

Swali: Hujambo mtaalamu. Mimi hushughulikia data ya ushirika wa wachuuzi wa samaki hapa Kisumu. Tuna wanachama 640 kwenye bichi mbalimbali, kuanzia Dunga hadi Usenge. Tumerekodi nani humuuzia nani, nani amemdhamini nani kwa mkopo, na kila mtu huuza samaki gani, kisha tukayaunganisha hayo yote na Wikidata, ile hazina huria ya data mtandaoni, katika muundo wa RDF. Nimeichora data nzima kwa nukta na mistari, lakini bodi inasema haioni kitu. Sasa kuna mtu ametuahidi mchoro wa pande tatu unaozunguka, anasema una akili unde, kwa shilingi 180,000. Tununue, au kuna programu ya bure ya kuupanga mchoro huu usomeke? – Msomaji, Kisumu

Jibu: Msinunue, ndugu yangu. Wala usihangaike na programu nyingine ya kuupanga mchoro huo, kwa sababu hata upangwe vipi, nukta 640 zikifungwa pamoja zitabaki utando wa buibui.

Swali hili hunifikia kila mara, kutoka Kakamega, Busia, Nakuru, na chini yake huwa kuna imani moja: kwamba data iliyohifadhiwa kama mtandao sharti ionyeshwe kama mtandao. Si kweli. RDF hugawa habari katika sentensi fupi fupi za kiima, kiarifu na yambwa ili mashine iweze kuziunganisha na sentensi za watu wengine. Hiyo ni kazi ya ghala. Nenda sokoni Kibuye umtazame mama anayeuza omena. Zimemfikia kwa magunia, lakini mteja hasukumiwi gunia. Anapimiwa gorogoro, na akitaka nusu anapewa nusu. Mwaka 2006 watafiti David Karger na m.c. schraefel waliandika wakiipinga tabia hii hii ya kummwagia msomaji grafu nzima, yaani nukta na mistari yote, kwa sababu tu data ni grafu. Miaka miwili kabla yao, Ghoniem, Fekete na Castagliola walikuwa wamewapima wasomaji na kukuta kwamba grafu ikishapita nukta 20, jedwali la matriki, lenye majina kwenye safu na mistari na alama palipo na uhusiano, husomeka vizuri zaidi kwa kazi nyingi, isipokuwa ile ya kufuata njia kutoka nukta moja hadi nyingine. Ishirini. Ninyi mna 640.

Bodi yako imekiri kwamba haioni kitu, na hiyo ni heri. Kinachonikosesha usingizi ni bodi zinazodhani zinaona.

Programu za kuchora mitandao huzichukulia nukta kama vitu vinavyosukumana, na mistari kama springi zinazovivuta. Fruchterman na Reingold walieleza njia ya namna hiyo mwaka 1991, na bado inatumika sana. Kwa kawaida kompyuta hutawanya nukta ovyo mwanzoni, halafu huzisogeza kidogo kidogo hadi zitulie. Zikitawanywa vingine, zitatulia kwingine. Kwa hiyo kuwa juu, chini, kushoto au kulia hakuna maana yoyote, na kuwa pembeni kuna maana finyu mno. Jicho la binadamu halijaambiwa hayo. Likiona nukta katikati husema "huyu ni mkubwa", likiiona pembeni husema "huyu hana watu".

Niliwahi kuitwa na kikundi kimoja cha akiba kilichokuwa kimekwisha kulipia mchoro wa aina hiyo. Nilipofika, kamati ya mikopo ilikuwa imemnyima mama mmoja mkopo wa kununua friza. Mwenyekiti alinionyesha ukutani: nukta ndogo ya samawati, ukingoni kabisa, imeshikiliwa na uzi mmoja. "Hana mtandao," akaniambia. Niliomba kompyuta, nikabonyeza kitufe cha kupanga upya. Nukta zikatawanyika, zikajikusanya tena, na yule mama akatua upande wa pili, juu. Kamati ikanyamaza. Kisha tukafungua fomu zenyewe, moja moja. Wateja wake karibu wote walikuwa ng'ambo ya ghuba, Mbita, na waliokusanya data hawakuwahi kupanda feri. Mchoro ulikuwa umeonyesha mahali wakusanyaji walipofika, kamati ikausoma kama uwezo wa mtu wa kulipa deni.

Hapa ndipo wavuti wa maana (semantic web, yaani data iliyoandikwa kwa njia kama RDF ili mashine ziiunganishe) unapodai uangalifu ambao wauza michoro hawautaji kamwe. Katika RDF, sentensi isiyokuwepo haihesabiwi kuwa uongo. Ni kwamba haijaandikwa. Lakini mtu aliyelelewa na Excel akiona seli tupu husoma sifuri, na akiona nukta isiyo na mistari husoma upweke. Kwa hiyo skrini yako lazima itofautishe "tulimuuliza, akasema hana mdhamini" na "hatujamuuliza". Iandike kwa maneno, pamoja na tarehe ya mahojiano, usiiachie rangi hafifu ambayo kwenye simu juani haionekani. Hata usipofanya lingine lolote, fanya hilo.

Sasa kazi yako. Rudi kwa bodi bila kompyuta, beba karatasi za manila na kalamu, uwaulize wanataka kuamua nini mwezi huu. Nina hakika hawatasema "tunataka kuona mtandao". Watasema: nani tayari amedhamini watu wengi kupita kiasi? Bichi gani inategemea mnunuzi mmoja? Swali la kwanza ni orodha iliyopangwa kuanzia mdhamini wa watu wengi. La pili ni mistari minene ya kulinganisha urefu, bichi kwa bichi, kwa sababu jicho hulinganisha urefu kwa usahihi kuliko ukubwa wa duara. Cleveland na McGill walilipima hilo mwaka 1984. Pembeni weka vichujio vya bichi, aina ya samaki na mwaka, kila kimoja na idadi yake, ili mtu ajue kabla ya kubonyeza kwamba Dunga ina watu wangapi wanaouza mbuta.

Nukta na mistari vina nafasi yake, ila kwenye ukurasa wa mtu mmoja. Unamtafuta kwa jina, unaona waliomdhamini na aliowadhamini, na ukimgusa mmoja wao wa kwake wanafunguka. Wabunifu wengi wamekariri shauri la Ben Shneiderman la mwaka 1996, kwamba uanze na picha ya jumla, kisha uchuje, kisha utoe undani unapoombwa, wakaishia kwenye picha ya jumla. Van Ham na Perer walionyesha mwaka 2009 kwamba kwa grafu kubwa ni afadhali uanze kwa kutafuta, uonyeshe jirani za ulichokipata, halafu upanue kadiri mtu anavyotaka. Ndivyo tunavyouliziana habari za watu hata sokoni.

Majina nayo yasikupite. Mwanachama wa bodi hapaswi kamwe kuona Q114, namba ya Kenya kwenye Wikidata. Anapaswa kuona Kenya. Omena wa Kisumu ndiye dagaa wa Mwanza na mukene wa Uganda, na mbuta ndiye sangara. SKOS, msamiati wa RDF wa kupangia majina, inakupa jina kuu kwa kila lugha na majina mengine pembeni, kwa hiyo anayetafuta dagaa aipate omena. Ila uwe mwangalifu unapoiambia mashine kwamba vitu viwili ni kimoja. Jiji la Kisumu na Kaunti ya Kisumu si kitu kimoja, na ukishaviunganisha kwa sameAs, alama inayosema "hivi ni kimoja", idadi za watu zitachanganyikana na hakuna mchoro utakaokuonyesha kosa lilipotokea.

Kuhusu pande tatu: nukta za mbele huziba za nyuma, umbali haupimiki kwa jicho, na bodi yako nadhani husomea ripoti kwenye simu. Kuhusu akili unde: mwulize muuzaji inajibu swali gani la ushirika wenu. Mtu ambaye hajawauliza maswali yenu hawezi kuwa ameyajibu.

Na hili nawaambia wote, vyama vya akiba, ofisi za kaunti, mashirika ya misaada. Michoro hii hubandikwa kwenye ukumbi, hutumwa WhatsApp, na data yake hupandishwa wazi kwenye mtandao baada ya mtu kufuta safu ya majina na kudhani ameficha watu. Hajaficha. Usenge nzima inamjua mwanamke aliyedhamini watu 14 na ndugu wawili wa nahodha. Umbo la mahusiano ni jina tosha. Backstrom, Dwork na Kleinberg walithibitisha mwaka 2007 kwamba watu wanaweza kutambuliwa ndani ya mtandao wa kijamii uliofutwa majina. Tena data ya wavuti wa maana imeundwa ili iunganishwe na nyingine. Ukiitoa leo, hujui itakutana na nini kesho. Madeni ya watu ni habari zao binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana hata ninyi wa ushirika. Rekodi za samaki na bichi zichapisheni. Za nani anamdai nani zikae ndani, na anayezifungua aandikwe.

Andika maswali matano ya bodi jinsi walivyoyasema wenyewe, pamoja na aina ya simu wanazotumia, unitumie. Tutachora skrini ya kwanza kwa penseli, tuwape wajumbe watatu swali moja kila mmoja, na tuwatazame wakilitafuta bila kuwasaidia.